Mstari wa pili

Fomu ya ridhaa ya operesheni ilikuwa na mistari miwili ya sahihi. Wa kwanza ulikuwa umeshajazwa, kwa mwandiko ninaoujua hata gizani. Wa pili ulikuwa wangu. Niliuacha mtupu kwa miezi minne, na muda wote huo niliamini namlinda mwanangu.

Binti yetu alikuwa na miaka sita. Mimi na mama yake tulikuwa tumeachana mwaka mmoja na nusu kabla. Amri ya mahakama ilikuwa wazi, au tuliiona wazi siku tulipokabidhiwa: mtoto aishi kwa mama yake, kwangu aje kila mwisho wa wiki na nusu ya likizo, na maamuzi makubwa ya elimu, afya na dini tuyafanye wote wawili. Sentensi hiyo ya mwisho niliipitia juu juu, kama mtu anavyosoma masharti ya mkopo. Akili yangu yote ilikuwa kwenye siku: Ijumaa namchukua saa ngapi, Jumapili namrudisha saa ngapi.

Watu husema "mtoto kapewa mama" kana kwamba hapo mambo yamekwisha. Kumbe ndani yake kuna mambo kama manne hivi. Mtoto atalala wapi, nani atamwona na lini, nani atatoa matunzo, na nani ana sauti kwenye maamuzi mazito. Mahakama inaweza kuyagawa kila moja kivyake, na moja halimnunulii mtu lingine. Mimi niliyachanganya. Nilikuwa nalipa bima ya afya ya mtoto, nikajiona neno la mwisho la hospitali ni langu. Mama yake ndiye aliyekuwa akiamka naye usiku, naye akajiona neno la mwisho ni lake. Na wote tulikuwa na nakala ya hati ile ile kabatini.

Ugomvi wenyewe ulianza na ujumbe wa simu: "Operesheni ya mafindofindo na nyama za puani imepangwa tarehe 14. Fomu nitakuletea usaini." Basi, hakuna salamu wala maelezo.

Nitasema ukweli, maana bila huo sina sababu ya kuandika haya. Kabla sijafikiria koo la mtoto, nilifikiria neno "imepangwa". Imepangwa na nani? Mimi nilikuwa wapi? Nikajibu neno moja: "Sisaini." Kisha nikaingia mtandaoni kutafuta sababu ya jibu nililokwisha kulitoa. Sababu hazikukosekana. Mafindofindo ni sehemu ya kinga ya mwili. Watoto wengi yanawasumbua wakiwa wadogo, wakikua yanapungua yenyewe. Operesheni ina hatari ya kutoka damu. Yote hayo ni kweli, na ndiyo ubaya wake: ningekuwa nimeokota uongo, mtu angenisahihisha mapema. Nilikuwa na ukweli nusu, nikautumia kama fimbo.

Halafu nilikuwa na hoja yangu kuu, ambayo niliirudia kwa kila aliyenisikiliza: "Kwangu hakoromi."

Mama yake akanitumia sauti aliyoirekodi usiku. Sikuisikiliza mpaka mwisho. Nilimjibu kwamba ananitengenezea ushahidi wa kunipeleka nao mahakamani, jambo ambalo, nikikumbuka tulivyokuwa siku zile, halikuwa tuhuma ya kichaa kabisa. Wakili wake akaandika barua. Wakili wangu akajibu kwa barua ndefu zaidi. Hospitali ilipopata habari kwamba amri inataka wazazi wote wawili na mmoja amekataa, ikaifuta ile tarehe 14 na kuliweka faili kando. Nilikasirika nikidhani daktari ameogopa. Leo naelewa kwamba yeye si hakimu. Ingekuwa dharura, mtoto anatoka damu au pumzi zimekwama, angeshughulika kwanza na karatasi zingekuja baadaye. Hii ilikuwa operesheni ya kupangwa, na operesheni ya kupangwa inaweza kungoja wazazi wamalize vita vyao. Mtoto ndiye asiyeweza kungoja, lakini hilo halikuwa na mstari kwenye fomu.

Wakati huo binti yetu alikuwa amegeuka tarishi. "Mama amesema nikuambie dawa ya puani imeisha." "Baba amesema ununue wewe." Alikuwa akizisema hizo sentensi kwa sauti ya mtu mzima, akinyoosha shingo, na mimi nilicheka mara moja au mbili. Naona aibu.

Jumapili moja jioni nilikuwa namrudisha. Amekaa nyuma, mkanda umemfunga, mdomo wazi kama kawaida yake maana puani hewa haipiti vizuri. Akaniuliza, "Baba, nikishakatwa koo, nitaongea na nini?"

Nilisimamisha gari pembeni. Nikamuuliza nani kamwambia atakatwa koo. Akasema, "Wewe." Kwenye simu, kwa kaka yangu, nilikuwa nimesema "wanataka kumkata mtoto koo bila kuniuliza." Kwa mama yake napo alikuwa amesikia watu wazima wakizungumzia "kukata". Alichokijua yeye kuhusu kukata koo ni kile anachofanyiwa kuku. Miezi miwili mtoto wa miaka sita alikuwa akitembea na picha hiyo kichwani, kati ya nyumba mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwambia ni nini hasa kinapangwa. Nilimweleza pale pale, kwa kifupi, kwamba ni vinyama viwili vidogo nyuma ya ulimi, vinatolewa kupitia mdomoni akiwa amelala, na sauti inatoka mahali pengine kabisa. Nilimshikisha koo langu nikiongea ili asikie mtetemo unatoka wapi. Akalishika muda mrefu. Kisha akauliza kama anaweza kubaki na vile vinyama kwenye chupa.

Baadaye nilijifunza kwamba jambo hili limeandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989, unasema katika ibara ya 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, nayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Ibara ya 18 inasema baba na mama wana wajibu wa pamoja katika kumlea. Karibu kila nchi imeuridhia. Marekani iliusaini bila kuuridhia. Sisemi mtoto wa miaka sita aachiwe aamue kuhusu operesheni. Kumtaka achague kati ya neno la baba na neno la mama ni mzigo mwingine, na pengine mzito kuliko operesheni yenyewe. Nasema tu kwamba mtu anayejadiliwa anapaswa kujua anajadiliwa nini.

Siku mbili baadaye nilimpigia wakili wangu nikamuuliza tukienda mahakamani itakuwaje. Alinijibu vizuri kuliko nilivyomlipa. Akasema hakimu hatampima mwanangu koo. Atasoma ripoti ya daktari, atatusikiliza sote, na akiona hatuelewani anaweza kumpa mmoja wetu mamlaka ya kuamua mambo yote ya afya, la leo na la miaka kumi ijayo. "Unaweza kupigania hili moja ukapoteza yote," akasema. Akanipa jina la msuluhishi.

Hapa niweke neno pembeni. Usuluhishi haumfai kila mtu. Kama mmoja alikuwa akimpiga mwenzake, au mmoja akiingia chumbani mwingine anatetemeka, kuwakalisha meza moja wakubaliane ni kumpa mwenye mabavu nafasi nyingine. Huko ni mahakama, na haraka. Sisi tulikuwa tumechokana na kuumizana kwa maneno, lakini hakuna aliyemwogopa mwenzake.

Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, mkimya, na kalamu yake ilikaa mezani bila kuguswa. Kikao cha kwanza tulikimaliza kwa mambo ya zamani. Nani aliondoka kwanza, nani alimwambia nini mama wa nani. Alituacha. Tulipokaukiwa ndipo akanigeukia.

"Baba, mtoto akija kwako analala wapi?"

"Ana chumba chake."

"Mlango?"

"Naufunga, kuna mwanga wa korido."

"Na feni?"

"Inawaka."

"Na wewe?"

"Chumba cha mwisho kule."

Hakusema kitu. Hakumtazama hata mama yake. Mimi ndiye niliyesikia majibu yangu yakijipanga moja baada ya jingine. Akaniomba, mtoto akija, nitandike godoro chini chumbani kwake usiku wa Ijumaa na Jumamosi, nizime feni, niwe na saa na daftari. "Usiniletee mimi," akasema. "Wala usimwonyeshe mwenzako kama hutaki."

Ijumaa ile nilitandika. Mpaka saa tano mtoto alilala vizuri, nikaanza kujipongeza. Saa saba kasoro akaanza kukoroma, si kwa nguvu, kama msumeno kwenye mti mbichi. Kisha msumeno ukasimama. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, tumbo likivutwa ndani, lakini hapakuwa na sauti ya hewa. Nikatazama mshale wa saa. Sekunde nane. Kumi. Kumi na mbili. Akashtuka, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini, akageuka, akarudisha kichwa nyuma akiwa ameinua kidevu, na msumeno ukaanza upya. Niliandika "7:10, sek. 12". Niliandika tena, na tena. Ilipofika saa tisa niliacha kuandika kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka na kwa sababu sikuhitaji zaidi. Ile sauti niliyokataa kuisikiliza ilikuwa ndiyo hii hii.

Kikao cha pili nilikwenda na daftari, nikalisukuma mezani bila kuambiwa. Mama yake alisoma ukurasa wa kwanza akaufunika kwa kiganja. Nilitegemea aseme "nilikwambia". Badala yake alisema kwamba alinitumia ujumbe mkavu vile makusudi, kwa kuwa kila alichonishauri tangu tuachane nilikuwa nakipinga kwanza halafu ndiyo nafikiri, akaona heri anikute jambo limeshaiva. Na akasema jingine ambalo sikulitegemea: hakuwa amemuuliza daktari kama kuna njia nyingine. Alikuwa amechoka. Daktari aliposema operesheni, alisema sawa.

Tukakubaliana twende kwa daktari wa masikio, pua na koo pamoja, tumsikie mtu mmoja kwa wakati mmoja. Hili linaonekana dogo. Kwangu ndilo lililomaliza nusu ya ugomvi. Miezi yote ile mimi nilikuwa nasikia maneno ya daktari kwa mdomo wa mtu niliyemkasirikia, naye anasikia maswali yangu kupitia barua za wakili. Maneno yakipita njia hiyo hayafiki yalivyotoka.

Daktari hakuonekana kushangaa kutuona. Alitueleza kuhusu utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, uliochukua watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wenye tatizo la pumzi kukatika usingizini. Nusu walifanyiwa operesheni mapema, nusu wakaangaliwa tu. Baada ya miezi saba, vipimo vya usingizi vilikuwa vimerudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa operesheni, na kwa asilimia 46 ya walioangaliwa. Nikamtazama mama yake, naye akanitazama. Karibu nusu ya watoto walipona bila kisu, kwa hiyo sikuwa mjinga. Lakini waliofanyiwa operesheni walipona wengi zaidi, na tabia zao na maisha yao ya mchana yakawa bora, ingawa jaribio la umakini halikuonyesha tofauti ya kuaminika kati ya makundi mawili. Kwa hiyo naye hakuwa na papara. Kila mmoja wetu alikuwa ameshika kipande cha karatasi ile ile.

Kilichofuata ndicho ninachowaambia wenzangu wakinipigia simu kuhusu mambo ya namna hii. Daktari alipendekeza kipimo cha usingizi, mtoto alale hospitali usiku mmoja akiwa amefungwa nyaya, wahesabu mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua. Kwa mtoto, hata zaidi ya mara moja kwa saa si kawaida. Kati ya 1 na 5 huitwa nyepesi, 5 hadi 10 ya wastani, kupita 10 ni kali. Msuluhishi akatuambia tuandike tutakachofanya kwa kila jibu kabla ya kwenda kupima. Tukabishana saa nzima. Mwishowe tukaandika: ikiwa chini ya 5, dawa ya kupuliza puani na kungoja miezi mitatu, kisha kipimo tena, na mama yake asinung'unike; ikiwa 5 au zaidi, operesheni, na mimi nisaini siku hiyo hiyo. Tukatia sahihi kabla hatujajua chochote. Kama tungesubiri majibu kwanza, nina hakika kila mmoja angeyasoma kwa miwani yake.

Ilikuja 11.

Nilisaini nikiwa nimesimama, kwenye kaunta. Mtoto akaniuliza kama kalamu ni ya kwangu.

Hati tuliyoipeleka mahakamani ikasajiliwe, ili makubaliano yetu yawe na nguvu ya amri na yasibaki ahadi za mdomoni, ina kurasa mbili tu. Inasema jambo lolote la kiafya lisilo la dharura anayelijua kwanza amjulishe mwenzake kabla ya kupanga tarehe, naye ajibu ndani ya siku saba, na kukaa kimya si ridhaa wala si kukataa. Tukishindwana, tunakwenda kwa daktari mwingine ambaye hakuna kati yetu aliyemchagua peke yake. Tukishindwana tena, kwa msuluhishi, na mahakama iwe ya mwisho. Homa, mafua, kikwaruzo, anaamua aliye naye. Kwenye dharura, aliye na mtoto anakimbia kwanza na kupiga simu njiani. Na ujumbe haupiti tena kwa mtoto. Pia kuna daftari, la karatasi kabisa, linalosafiri kwenye begi lake. Tulilianzisha kwa ajili ya dawa ya maumivu baada ya operesheni. Mtoto mwenye nyumba mbili anaweza kupewa parasetamoli hapa saa kumi na moja, na pale saa kumi na mbili, na kila mtu akiwa na nia njema.

Operesheni ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya kusubiri. Tulikubaliana akae kwa mama yake wiki mbili bila kuhamishwa, mimi niende kumwona, na siku zangu nilipwe kwenye likizo. Iliniuma, sitaficha. Mwisho wa wiki wa kwanza nilikaa kwangu nikiitazama feni.

Tulikuwa tumeambiwa kwamba kati ya siku ya 5 na ya 10 kigaga kinadondoka na damu inaweza kurudi. Siku ya 7, saa tisa usiku, simu ikalia. Sauti ya gari, na mama yake anaongea polepole kupita kiasi, kama anavyofanya akiwa na hofu: katema damu, ni nyekundu mbichi, tumeshatoka, njoo. Nilifika dakika ishirini baada yao. Fomu ya kumlaza ilikuwa mezani kwa muuguzi, sahihi yake ipo, na kwenye mstari wa pili muuguzi alikuwa amepiga mstari wa kalamu. Kitu kikanichoma, kile kile cha "imepangwa". Kilikaa kama sekunde kumi na mbili. Kisha nikakumbuka nani aliiandika hiyo kanuni ya kukimbia kwanza. Niliiandika mimi, tena niliipigania.

Damu ilisimama yenyewe. Walimwangalia mpaka asubuhi, sisi tumekaa pande mbili za kitanda, tunapokezana kutazama shuka. Alipoamka aliuliza vinyama vyake viko wapi, na ikabidi tukiri kwamba hakuna aliyekumbuka kuviomba. Kwa hilo alitukasirikia wote wawili sawasawa.

Siku hizi analala kifudifudi, mdomo umefungwa. Sasa tunabishana kuhusu miwani: mwalimu anasema haoni ubaoni, mimi naona anapenda tu kukaa mbele na rafiki yake, mama yake anasema mimi naona ninachotaka kuona. Ujumbe wake uliingia Alhamisi iliyopita, una salamu, una jina la daktari wa macho, na mwisho umeandikwa "una mpaka Alhamisi". Bado sijajibu. Leo ni Jumatano.